Filimbi ya Mwisho Ikishalia

 Wadogo zangu, barua zenu nyingi wiki hii zinatoka viwanjani.

Barua iliyonishika zaidi ni ya kijana wa kidato cha tatu, hapa hapa Dar es Salaam. Timu yao ilicheza mechi mbili Jumamosi na moja Jumapili. Jumatatu asubuhi, anasema, alishuka ngazi za shule kinyumenyume, mkono mmoja ukutani, maana akijaribu kushuka kama watu wengine mapaja yanawaka moto na magoti yanataka kumwachia. Wenzake walimcheka mpaka kengele ikalia. Anamalizia hivi: "Dada, nimeona kwenye simu wachezaji wa NBA wanakaa ndani ya pipa la barafu, wengine wamevaa mabuti yanayojazwa upepo. Sisi tusio na hela tufanyeje?"

Pole sana, mdogo wangu. Nimecheza kikapu tangu darasa la sita mpaka chuo, na siku hizi jioni nawasaidia mabinti wa mtaani kwetu mazoezi. Kila msimu naona jambo lile lile: tunafundishwa kukimbia, kuruka na kulenga, lakini kupumzika hatufundishwi. Kocha anapanga kila dakika ya mazoezi, ila filimbi ya mwisho ikishalia kila mtu anashika njia yake, mmoja dukani kununua soda, mwingine kwenye simu. Na mwili wako unajengeka katika saa hizo ambazo hakuna anayezisimamia. Ndiyo maana leo nataka tukae tuzungumze kwa kirefu.

Tuanze na hayo mapaja. Ukiruka kufuata rebaundi, misuli ya mapaja inajikunja kukurusha juu. Ukitua, misuli hiyo hiyo inavutwa huku imekaza ili usianguke. Hiyo ni kazi ya breki, na ndiyo inayoichana misuli, michaniko midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mwili unapeleka damu na majimaji kuitengeneza, na maumivu yanatokea hapo. Huanza kesho yake, hukolea kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa yenyewe. Kushuka ngazi nako ni kufunga breki, hatua kwa hatua, kwa hiyo si ajabu kushuka kulikushinda. Ungepanda ungeumia kidogo tu. Wapo watakaokwambia ni asidi iliyoganda kwenye misuli. Asidi ile huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya mechi. Jumatatu asubuhi ilishakwenda zamani. Ulichokuwa nacho ni matengenezo yanayoendelea, na matengenezo yanahitaji vifaa na muda.

Sasa hilo pipa la barafu. Linafanya kazi, sikufichi. Kukaa dakika 10 hadi 15 kwenye maji ya nyuzi joto 10 hadi 15 hupunguza maumivu ya siku zinazofuata, na tafiti nyingi zimeonyesha hivyo. Lakini fikiria ni nani anayekaa humo. Timu ya NBA inacheza mechi 82 kwa msimu mmoja wa kawaida, kabla hata ya mtoano. Mchezaji mwenye mechi kesho na keshokutwa anatafuta nafuu ya haraka. Wewe una miaka 16 na unataka misuli ikue. Tafiti zimeonyesha pia kwamba mtu anayejitumbukiza kwenye maji ya baridi kila baada ya mazoezi ya nguvu, misuli yake hujengeka kidogo kuliko ya yule asiyejitumbukiza, maana baridi inanyamazisha ile kazi ya matengenezo yenyewe. Kwa hiyo barafu iwekeni kwa siku za mashindano, pale mnapocheza leo na kesho. Jaza pipa au beseni kubwa maji ya bomba, tia chupa kadhaa za maji yaliyoganda, ingia mpaka kiunoni, na mwenzako akae hapo karibu akikutazama. Anayetetemeka sana atoke. Siku nyingine zote, oga maji ya kawaida uende zako.

Bahari yetu haina baridi ya namna hiyo, lakini kutembea kwenye maji yanayofika kiunoni siku ya pili baada ya mechi ni mazoezi mepesi mazuri kweli: maji yanabeba uzito wako, miguu inasogea, damu inazunguka. Mabuti ya upepo yasikunyime usingizi. Watu wanasema miguu inakuwa myepesi baada ya kuyavaa, na zaidi ya hapo sijaona faida ya kumfanya mzazi auze kitu ili ayanunue.

Vitu vyenye kazi kubwa ni usingizi, chakula, maji na siku ya kutocheza. Ningekuwa na uwezo ningewashika mkono mmoja mmoja niwasimamie katika hivi, kwa sababu ndivyo tunavyovidharau.

Filimbi ikilia, usijitupe chini. Najua sakafu ya saruji yenye kivuli inavyoita, lakini tembea kwanza dakika tano hadi kumi, kuzunguka uwanja, mpaka moyo utulie na uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, na wengi wanaosikia kizunguzungu baada ya mechi chanzo ni hicho. Kisha nyoosha misuli taratibu kama unapenda. Nasema kama unapenda kwa sababu tafiti zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba kunyoosha misuli baada ya mazoezi hakupunguzi maumivu ya kesho kwa kiasi cha maana. Kunasaidia viungo visikakamae na kunatuliza akili, basi inatosha. Asikutishe mtu kwamba usiponyoosha utalemaa.

Halafu maji. Kwa jua la hapa Pwani, hasa Januari na Februari, unaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya jasho kwa saa moja ya mchezo. Kipimo chake ni rahisi. Jipime uzito kabla ya mazoezi na baada, ukiwa umevaa nguo nyepesi na umejifuta jasho. Hata yule kijana mwenye mizani kituo cha daladala atakupimia. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Mmoja wa mabinti wangu alianza na kilo 55 akamaliza na 53.8. Hiyo ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, na ukifika hapo miguu inakuwa mizito na macho yanakosa shabaha. Nilimwambia anywe lita moja na nusu hadi karibu mbili kwa saa chache zilizofuata, kidogo kidogo, kwa sababu ukinywa kwa mkupuo mengi yanaishia chooni. Usipokuwa na mizani, tazama mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, bado hujanywa vya kutosha.

Jasho lina chumvi, kila aliyewahi kulilamba mdomoni anajua. Wapo ambao fulana ikikauka inabaki na michirizi myeupe mgongoni. Hao chumvi yao inatoka kwa wingi. Maji ya dafu ni mazuri sana na yana potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo kunywa dafu na ule kitu chenye chumvi. Wali maharage uliokolezwa vizuri unatosha. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo, vyenye kafeini, naomba muviache kabisa. Madaktari wa watoto wa Marekani walishasema tangu 2011 kwamba watoto na vijana hawapaswi kuvinywa. Vinapeleka moyo mbio wakati unautafutia utulivu, na usiku vinakukodolesha macho.

Chakula ndicho kinachonipa huzuni zaidi nikiwatazama. Mnamaliza mechi saa kumi na moja jioni, mnakunywa soda, mnapanda daladala, foleni, mnafika nyumbani saa mbili na nusu. Chakula cha mwisho kilikuwa mchana. Saa tatu na nusu zimepita na misuli imekaa bila kitu. Sukari ya akiba iliyo ndani ya misuli, ile uliyoimaliza kwa kukimbia, huhitaji karibu siku nzima kujaa tena, na hujaa haraka zaidi ukila mapema. Kama una mechi nyingine siku hiyo hiyo, lenga gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako katika kila saa, kwa saa tatu au nne za mwanzo. Kwa kijana wa kilo 60, kiazi kitamu kikubwa kilichochemshwa pamoja na ndizi mbivu moja vinafika hapo. Kama mechi inayofuata ni wiki ijayo, huna haja ya hesabu hiyo; kula tu ndani ya saa moja au mbili na usilale njaa.

Misuli nayo inataka protini ya kujitengenezea, gramu 20 hivi kwa mlo. Mayai mawili ya kuchemsha na bilauri ya maziwa vinafika. Sahani ya maharage na ugali inafika, ukiongeza dagaa unapita. Mtindi na karanga nao ni wazuri. Sijawahi kumwona binti aliyeishiwa nguvu uwanjani kwa kukosa unga wa protini wa kwenye makopo makubwa. Nimewaona wengi walioishiwa kwa kukosa chakula cha mchana.

Mimi na mabinti wangu wa mazoezi tulianza kuchangishana. Kila mmoja anatoa alichonacho, mama mmoja anatuchemshia viazi vitamu na mayai, vinakuja uwanjani kwenye kapu lililofunikwa kanga. Mechi ikiisha tunakaa chini ya mwembe tunakula kabla mtu hajaondoka. Mwanzoni waliona aibu, maana timu nyingine zinatazama. Siku hizi wale wa timu nyingine wanauliza kama vimebaki.

Ramadhani ikiingia, wachezaji wanaofunga huniuliza wafanyeje. Mazoezi makali yapelekeni baada ya futari, saa mbili au tatu usiku, mkiwa mmefuturu kwa tende, maji na uji. Ikishindikana, basi mazoezi mepesi saa moja kabla ya adhana ya magharibi, ili ukimaliza ufungue. Kati ya futari na daku kunyweni maji kwa mafungu, na daku msiiruke hata kama usingizi ni mtamu kiasi gani. Makocha wanaosoma ukurasa huu, tafadhali msimwite mvivu anayepunguza kasi saa tisa alasiri naye amefunga.

Sasa tufike kwenye usingizi, na hapa mniwie radhi nitasema mengi.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Huo ndio ushauri wa madaktari wa usingizi kwa vijana wote, na mwanamichezo asogelee upande wa 10. Katika usingizi mzito mwili unamwaga homoni ya ukuaji kwa wingi, na mafundi wa misuli yako wanaingia kazini. Katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, mtafiti Cheri Mah na wenzake waliwachukua wachezaji 11 wa timu ya kikapu ya wanaume, wakawaambia wakae kitandani saa 10 kila usiku kwa wiki tano hadi saba. Walitoa matokeo mwaka 2011. Katika mitupo huru 10, wastani wa kuingiza ulitoka 7.9 ukafika 8.8. Katika mitupo 15 ya pointi tatu, ulitoka 10.2 ukafika 11.6. Mbio zao fupi za uwanjani zilitoka sekunde 16.2 zikashuka hadi 15.5. Kundi lilikuwa dogo na hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, kwa hiyo sitawaapia kwamba nanyi mtapata tarakimu hizo hizo. Lakini niambieni ni mazoezi gani mengine mnayajua yanayoongeza mtupo mmoja katika kumi mkiwa mmelala.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu nimeyaishi. Shule ni mbali, daladala ya kwanza ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chumba mnalala wanne. Joto. Umeme umekatika, feni imesimama, mbu wanaimba. Kazi za nyumbani hazijaisha, na mabinti wana vyombo vya kuosha ambavyo kaka zao hawavigusi. Mzazi mwenye binti anayecheza, nakuomba kwa heshima zote: siku ya mechi mpe kaka yake zile sufuria.

Hesabu ni hii. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, lazima uwe umelala saa tatu usiku ili upate saa 8. Ukilala saa tano, umepata 6, na ukifanya hivyo Jumatatu mpaka Ijumaa una deni la saa 10. Kitu cha kwanza cha kuondoa ni simu, maana ndiyo inayokula zile saa mbili kati ya tatu na tano. Iache sebuleni kwa mama. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala, mwili ukipoa usingizi unakuja upesi. Chomekea neti vizuri, sababu anayejipiga makofi usiku kucha hajalala. Na mchana wa Jumamosi, ukiwa na mechi jioni, jilaze dakika 20 au 30. Bibi zetu walilala baada ya chakula cha mchana na kazi zao hazikulala.

Kuna jambo nataka kulisema polepole, kwa sababu limenigharimu.

Nikiwa kidato cha pili niliruka rebaundi, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu. Kifundo cha mguu wa kushoto kikageuka ndani, nikasikia kitu kama kijiti kimevunjika. Jioni ile mtu mzima mmoja aliyenipenda sana alichemsha maji, akatia chumvi, akakanda kwa kitambaa cha moto, kisha akanichua kwa mafuta akibonyeza kwa dole gumba mpaka nikauma kanga. Alifanya alichofanyiwa yeye na mama yake. Usiku mguu ukavimba hadi ngozi ikang'aa, kiatu hakikuingia kwa wiki mbili. Wiki ya tatu kulikuwa na mechi, nikafunga bendeji nikacheza. Nikateguka tena. Mwaka ule ule nikateguka mara ya tatu. Mpaka leo nikishuka daladala natanguliza mguu wa kulia.

Kwa hiyo sikilizeni. Maumivu ya misuli iliyochoka, yale ya pande zote mbili, yanayoanza kesho yake, chueni mkipenda. Mkono mwepesi wenye mafuta ya nazi unaleta nafuu. Kiungo kilichoteguka leo hakichuliwi wala hakikandwi maji ya moto kwa siku mbili tatu za mwanzo. Ndani kuna mishipa midogo inayovuja damu, joto linaifungua, vidole vinaichana zaidi. Uinue mguu juu ya mto, ufunge bendeji isiyobana damu, uweke barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa dakika 15 au 20 kama maumivu ni makali, na barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Ukishindwa kutembea hata hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo ukaruka kwa maumivu, nenda hospitali ukapigwe picha. Ikiwa hakuna kilichovunjika, baada ya siku chache anza kuusogeza taratibu, na ukiweza kusimama, jifunze kusimama kwa mguu ule mmoja wakati unapiga mswaki. Asubuhi sekunde 30, jioni sekunde 30, kisha macho yamefumbwa. Mazoezi hayo madogo ya kujisawazisha yanapunguza nafasi ya kuteguka tena. Sikuwa na mtu wa kuniambia. Ninyi mnaye.

Vidonge vya maumivu navyo nimeviona vikizungushwa kwenye benchi kama pipi, kabla ya mechi, "ili nisisikie goti". Diklofenaki na ibuprofeni kwenye mwili uliokaukiwa maji zinaumiza figo na tumbo. Na goti usilolisikia halijapona, limezibwa mdomo tu. Kidonge akupe daktari, kwa ugonjwa anaoujua.

Goti lenyewe lina kisa chake kwa mnaorefuka. Wengi wenu kati ya miaka 10 na 15 mnapata uvimbe mgumu chini kidogo ya pia ya goti, unaouma mkiruka, mkipiga magoti, mkipanda ngazi. Mifupa inakua mbio kuliko misuli na kano, na kano ya goti inavuta pale ambapo mfupa wa ugoko bado ni laini. Kila mruko unavuta tena. Haupoi kwa kuchua wala kwa dawa ya kupaka. Unapoa kwa kupunguza kuruka kwa wiki kadhaa, kuimarisha mapaja taratibu, na kusubiri mwili umalize kukua. Hutaacha kikapu: wiki hizo fanya mitupo huru, kudunda mpira, pasi. Mwambie kocha mapema, kabla hujaanza kuchechemea.

Hapo ndipo siku ya kutocheza inapoingia. Angalau siku moja kila wiki isiyo na mpira kabisa, na mbili ni bora kwa walio wadogo. Wapo madaktari wa michezo wanaotumia kipimo hiki: saa za mazoezi ya wiki zisizidi umri wako. Una miaka 14, basi saa 14, na humo hesabu timu ya shule, timu ya mtaa, na ule mpira wa jioni ambao hamuuhesabu. Wengine wenu mna timu tatu na makocha watatu ambao hawajawahi kuongea. Kila mmoja anadhani anakuchezesha kidogo. Wewe ndiye unayejua jumla, iandike.

Msiogope kwamba mkipumzika mtaachwa nyuma. Njia ya kufika juu ipo hata kwa mtoto wa hapa: Hasheem Thabeet alizaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili katika wachezaji wote wapya wa NBA. Na kuchelewa si kukosa: Joel Embiid, mzaliwa wa Kameruni, hakuanza kikapu mpaka alipofika miaka 15, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa msimu wa NBA. Wiki yako moja ya kupumzisha goti haitafunga mlango wowote.

Nanyi wadogo zangu wa kike, sogeeni karibu. Hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo na huna mimba, au ukifika miaka 15 bila kuiona kabisa, msishangilie kwamba mmepumzika. Mara nyingi mwili unasema chakula kinachoingia hakitoshi kazi unayoufanyisha, kwa hiyo umezima kile unachoona unaweza kukizima. Mifupa nayo inadhoofika kimya kimya, na nyufa ndogo za ugoko zinafuata. Mwambieni mama, shangazi au matroni, nendeni hospitali. Na kama hedhi yako ni nzito na unahema kwa mbio ambazo mwaka jana hukuzihisi, omba wakupime wingi wa damu. Dagaa, maharage, mchicha na maini vina madini ya chuma. Kuleni pamoja na chungwa au ndimu, na chai muisogeze mbele saa moja baada ya chakula, maana ikinywewa pamoja nacho inazuia madini hayo yasiingie mwilini.

Narudi kwako, kijana wangu wa ngazi. Umeniambia Jumamosi ijayo mna mechi mbili tena, na Jumapili moja. Alhamisi na Ijumaa lala saa tatu usiku, simu kwa mama. Beba chupa mbili za maji, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mayai mawili na chumvi kidogo ndani ya karatasi. Mechi ya kwanza ikiisha tembea, kunywa, kula, kaa kivulini na miguu juu ya begi, usirudi uwanjani kupiga mitupo ya kujionyesha. Ya pili ikiisha, fanya vivyo hivyo, na jioni ile ukiweza kupata chupa za barafu ingia kwenye pipa lako. Jumapili ukimaliza, nenda nyumbani ukalale. Jumatatu usiguse mpira, tembea tu mpaka shule kama ni karibu.

Kisha niandikie, uniambie ngazi umezishukaje.